Kinu Kilichonyamaza

Zamani, pale Katuba, hakuna aliyeuliza kama umeme umerudi.
Mota ya Mama Musau ilishtuka yenyewe: gbuu!
Balbu za mtaa mzima ziliinamisha vichwa,
redio ya fundi viatu ilimeza neno,
na wanawake walitoka na mabeseni,
mahindi yamepembuliwa tangu jana.

Mimi ndiye niliyeitwa kuiponya.
Mkanda ulikuwa unakatika kila wiki mbili,
fyuzi zinapasuka kama bisi,
na jirani, Kapya, mwenye friji ya samaki,
alikwisha kuapa kwamba safari nyingine atakuja na shoka.

Nilileta sanduku la kijivu, la mtumba,
na kompyuta yangu isiyo na herufi M.
Nikakaa juu ya gunia. Juni. Baridi ya kukunja vidole.
Nikaandika:
    anza sifuri
    panda polepole, sekunde kumi na mbili
    volti na masafa visiachane.
Maana hao ni ndugu wawili waliobeba sufuria ya bukari:
mmoja akipunguza mwendo, mwenzake akikazana,
mtu ataungua.
Chuma nacho hushiba. Kikishiba sana, kinanuka.

Shaba ya koili hizi labda iliondoka hapa hapa,
ikaenda mbali kufundishwa kuwa uzi,
ikarudi na bei.
Numbi alinionyesha jinsi ya kuisuka.
Yule mzee alikuwa anaweka mpini wa bisibisi sikioni,
ncha yake juu ya beringi, macho yamefumba,
na kusema: siku tisa. Na siku ya tisa inakwama.
Yeye ndiye aliyeniambia kwamba ndani mle hakuna kinachogusana:
sumaku inazunguka mbele, rota inaifuata nyuma,
haiifikii.
Ikiifikia, alisema, haitakuwa na nguvu
hata ya kupasua punje moja.

Basi tukawasha.
Mota iliamka kama mtoto anayehamishwa kitanda usiku.
Balbu hazikuinama. Redio ilimaliza sentensi yake.
Kapya alipita akicheka, na samaki wake wazima katika barafu.

Mama Musau alisimama mlangoni, mikono kiunoni.
Saa moja.
Saa ya pili.
Barabara nyekundu, mbuzi mmoja, hakuna beseni.

"Wee mwana," akasema bila kugeuka,
"mashini yangu umeikata ulimi."

Nikarudi kwenye gunia.
Ndani ya sanduku kuna namba moja
inayosema swichi zipige mara ngapi kwa sekunde.
Niliiweka elfu kumi na sita, kwa adabu,
mahali ambapo masikio mengi hayafiki.
Nikaishusha: elfu mbili, sekunde tano za mwanzo tu.
M ikagoma. Nikabandika M iliyonakiliwa kutoka mstari mwingine.
Washa.

Uwiiiiiii, shaba ikapiga mluzi,
mbu mwenye kifua cha mwanakwaya.
Mbwa walisikia kwanza. Halafu watoto.
Halafu beseni la buluu, na chini yake Mujinga:
"Ni nini hiyo?"
"Mashini."
"Mashini inalia hivi?"
"Imesoma," alisema Mama Musau, akafungua mfuko wake wa chenji.

Kufika saa tisa foleni ilikuwa imepinda kona ya kanisa.
Kwenye kioo kidogo nilisoma:
sumaku, mizunguko elfu moja mia tano kwa dakika.
Rota, kwa kipimo cha mkononi, elfu moja mia nne na arobaini.
Hizo sitini zilizopotea sikuziandika mimi
na siwezi kuzifuta.
Ndizo zilizokuwa zinasaga.

Numbi alitutoka Machi. Bisibisi yake ninayo.
Niliiweka sikioni, nikafumba macho,
nikasikia beringi, nikasikia unga,
siku sikusikia.

Alinilipa nusu pesa, nusu unga,
katika mfuko wa plastiki uliofungwa fundo mbili.
Nikaubeba kifuani, chini ya koti, hadi nyumbani.
Ulikuwa bado moto.